Katani ya Mama Mkwe

Paukwa!
Pakawa!
Uzi?
Uvutwe!
Usipovutwa?
Utatuvuta!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na kisima kimoja tu, mkaguzi wao wa katani alikuwa Bwana Pimbi. Kila kiangazi walisokota kamba mpya, kisha mmoja wao akateremshwa kuzoa tope. Mwaka mmoja zamu ilimwangukia Mashavu, mkewe Pimbi. Pimbi akaapa, "Uzi mbovu haupiti hapa!"

Akaja Kobe na katani ya rangi ya udongo. Pimbi akaitazama, akailowesha, akaivuta. "Jicho limeona, maji yameonja, mkono useme!" Haikukatika. "Daraja la kwanza!"

Akaja Nungunungu na yake. Pimbi akaitazama, akailowesha, akaivuta. Pu! Ikakatika. "Kawashie jiko!" Wanyama wakacheka, Nungunungu akaenda zake amefura.

Akaja mama mkwe wa Pimbi, mamake Mashavu. Katani yake nyeupe pe! Kumbe aliiloweka siku nyingi mno ili ing'ae, ikaanza kuoza, na mwenyewe hana habari.

Pimbi akaitazama. Akachovya vidole majini, akasita. "Nimvutie mkwe wangu uzi mbele ya hadhara, kama ninayemshuku? Na ukikatika, uso nitauweka wapi?" Akainamisha kichwa. "Jicho limeona, mama. Daraja la kwanza."

Lo, Pimbi! Adabu gani hiyo?

Kwa weupe wake, kamba ikasokotwa kwa katani hiyo peke yake. Mashavu akateremka. Ndoo ya kwanza ya tope ikapanda, ya pili ikapanda, ya tatu ikapanda. Kamba ikalowa chepechepe.

"Mume wangu, nivuteni sasa!"

Wakavuta. Pu! Mashavu hakupanda tena.

Siku ya matanga, Pimbi alijikunyata pembeni, hathubutu kumtazama mkwewe. Mama akamfuata mwenyewe.

"Mwanangu, kwa nini hukuvuta?"

"Nilikustahi, mama."

"Ungevuta, ningenuna siku tatu. Sasa tutalia mpaka lini?"

Pimbi akahamia miambani, na hadi leo mnamsikia akilia huko.

Basi, wanangu, mkwe mpe heshima yake, na uzi wake uvute. Mimi mkwe wangu kaniletea kamba ya kitanda juzi, nikaivuta. Bado amenuna, lakini sijaanguka. Hadithi yangu naipiga fundo hapa. Aliyeipenda aichukue, na asiyeipenda aivute aone.