Mbuzi wa Bi Mashavu Walionukia Iliki

Hapo zamani, katika mji uliopenda utamu kuliko usingizi, aliishi Bi Mashavu, mpika halua. Alirithi fedha za shangazi yake wiki ileile ambayo mwenye jiko alilopanga alitangaza kuliuza mara baada ya Idi Kubwa. Fedha hazikutosha kulinunua. Ilibidi zizae upesi, la sivyo angehamia kupikia uani kwa mawifi zake, ambao aliwapenda sana, lakini kwa mbali. Akaweka ahadi: mshauri atakayemwezesha kulipata jiko atapewa sinia la kwanza la halua kila Idi, maisha yake yote.

Kwanza alikwenda kwa Bwana Shamte, mshauri wa matajiri, aliyemwambia anunue mbuzi kwa fedha zote kabla Idi haijapandisha bei. Kisha akapitia kwa Bi Rukia, somo yake aliyemfunda siku za harusi, naye akamkataza kutia mali yote kwenye kitu chenye miguu.

"Nusu mbuzi, nusu korosho na iliki," alisema. "Mbuzi wakikufia, utapika halua."

Mwishowe akamwuliza shemeji yake Makame, karani wa kadhi. Makame hakuwa na ushauri wa biashara. Alimtuma tu arudi kwa Shamte, amwulize yeye anafaidi nini.

Shamte akakohoa, akakiri kwamba mwenye mbuzi humpa udalali kwa kila kichwa. Mashavu akadai udalali huo uondolewe kwenye bei. Ukaondolewa, na ndipo fedha zikatosha mbuzi, korosho na iliki.

Basi, katika mji ule mnyama wa Idi ni mgeni, na mgeni halali nje. Mashavu akawalaza mbuzi wake jikoni, kando ya magunia ya korosho na iliki. Alfajiri alikuta magunia matupu na mbuzi wamejilaza, matumbo kama ngoma, wakicheua kwa adabu. Akalia. Kisha mmoja akabeua, jiko zima likanukia sikukuu, naye akacheka hata akakaa sakafuni.

Mnadani, wanunuzi waliinama kuwanusa mbuzi, wakainuka wamelewa furaha. Waliokuja kutafuta kondoo wakasahau kondoo. Bei ikapanda maradufu, mwenye jiko akakubali kulipwa mapema, na jiko likawa la Mashavu.

Siku ya Idi washauri wote watatu wakafika, kila mmoja na kitambaa chake cha kufunikia sinia.

"Mbuzi niliwachagua mimi," alisema Shamte.

"Wako walikuwa mbuzi tu, kaka. Harufu ilitoka kwangu," alijibu Rukia.

"Akiba ya kujikinga ikaishia tumboni mwa mbuzi, somo, nawe waja kudai?" alicheka Makame. "Bila swali langu, iliki ingenunuliwa kwa fedha gani?"

"Swali halinenepeshi mbuzi," alisema Shamte.

Mashavu alisimama na sinia mikononi, halua ikitoa mvuke, mbavu zikimuuma kwa kicheko. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja.

Haya, mliokaa mkinisikiliza, amueni kabla haijapoa: je, kati ya hao watatu, sinia alistahili nani?