Waraka Namba Tisa Kuhusu Utaratibu wa Kushika Ungo, Kinu na Mchi

Wenye masikio mpo?

— Tupo, na tumeyasafisha!

Nianze na kweli?

— Anza na uongo, kweli tutaikuta mbele!

Haya. Uwanja wa kutwangia wa wanyama ulikuwa na kinu kimoja na mchi mmoja. Ulikuwa pia na desturi moja: ukishashika chombo cha uwanja, huachii mpaka umalize kutwanga. Kuachia chombo hujakitumia ilikuwa aibu ya ukoo mzima, mpaka kwa wakwe.

Asubuhi hiyo Fisi alifika wa kwanza, akakumbatia kinu. Ngiri naye alifika wa kwanza, kwa njia ya upande wa pili, akakumbatia mchi. Wakatazamana.

Kindi alifika wa tatu, kikapu kichwani. Alikuwa ameloweka mtama tangu jana, na sasa ulikwishaanza kunukia uchachu. Jua likipita utosini haujatwangwa, ni wa kumwaga. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne. Ghalani hakukuwa na punje nyingine.

"Shikamoo Mzee Fisi. Kinu utakiachia lini?"

"Marahaba. Nikimaliza kutwanga."

"Utatwanga lini?"

"Nikipata mchi."

Kindi akaenda kwa Ngiri, tipu, tipu, tipu.

"Bwana Ngiri, mchi utauachia lini?"

"Nikimaliza kutwanga."

"Utatwanga lini?"

"Nikipata kinu."

"Sasa si mmoja wenu ampe mwenzake?"

"Mimi?" alisema Fisi. "Na mwili huu?"

"Mimi?" alisema Ngiri. "Na meno haya?"

Basi Kindi akaenda kwa Kobe, karani wa Baraza, aliyekuwa kivulini mwa ukuta wa Baraza akinoa kalamu yake ya unyoya.

"Suala hilo linashughulikiwa, Mama Kindi," alisema Kobe. "Baraza limewaomba wote wawili wawe na subira."

"Na wamekubali?"

"Kwa kauli moja. Ndiyo maana hakuna kinachosogea."

Kindi akanusa mtama wake. Akaangalia jua. Halafu akaangalia ukutani nyuma ya Kobe, ambako ungo wa Baraza ulining'inia na vumbi lake la miaka.

"Karani, tabu ni kwamba kila mtu anaanzia anapotaka. Wapangie. Kwanza ungo, pili kinu, tatu mchi. Aliyeshika kinu au mchi kabla ya ungo aachie alichonacho aanze upya. Waraka ukiamuru, hakuna aibu."

"Ungo wa nini? Mtu hatwangi kwa ungo."

"Ndiyo maana hakuna aliyeushika."

Kobe hakuelewa, lakini kulikuwa na kwanza, pili na tatu, na vitu vya namna hiyo aliviheshimu sana. Akaandika, akagonga muhuri, pwa! Kisha akaenda kuusoma uwanjani. Ni hatua arobaini tu, lakini Kobe ni Kobe, na jua halikumsubiri.

Alipofika kwenye "aanze upya," Fisi alisimamisha masikio.

"Kwa hiyo mwenye ungo ndiye mkubwa wa vyote?"

"Kwa mujibu wa waraka," alisema Kobe.

"Na wewe Kindi, mbona hukimbii?"

"Nikimbilie wapi, mzee wangu, na miguu hii? Mimi nitapanga foleni nyuma yenu."

Fisi akaachia kinu, gubu! Ngiri akaachia mchi, tang'! Wakatimua mbio, vumbi, vuuu! Wakaufikia ungo pamoja. Fisi akavuta huku. Ngiri akavuta kule. Kwaruuu! Ungo ukawa vipande viwili.

"Ninao ungo!" alisema Fisi.

"Ninao mimi!" alisema Ngiri.

"Hicho ni kipande!"

"Na chako je, ni duara?"

Wakamngoja Kobe arudi aamue. Kobe akarudi, taratibu, akafungua jalada jipya: nusu ungo ni ungo, au si ungo? Akawaomba wawe na subira. Wakakubali kwa kauli moja, kila mmoja kakamata kipande chake.

Na huko uwanjani, kwa mbali: pu! pu! pu!

"Nani anatwanga?" aliuliza Ngiri.

"Usiulize," alisema Fisi. "Ukigeuka nitakupokonya."

Pu! pu! pu!

Uongo wangu umefika mlangoni, nani anaufungulia?

— Sisi! Na funzo je?

Funzo ni hili, watoto wazuri: tiini waraka. Shikeni ungo kwanza, kinu pili, mchi tatu, kwa maana anayeruka mstari hulala njaa.

— Na kweli je?

Kweli ni kwamba Kindi hakushika ungo hata mara moja. Alitwanga mtama wake, akapeperushia pumba kwenye upepo, akarudisha kinu na mchi mahali pake, na watoto wanne wakala.