Panga la Ta Kaijage

Panga la hisani, kwanza motoni. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo jirani aliyekuja kumsaidia migombani, mkacheka, mkadhani anamfukuza. Hakumfukuza. Kaeni niwaeleze maneno hayo yalikotoka, ila kwanza tegueni hiki: azaa mara moja akafa, na wanawe wamesimama miguuni pake. Hamjui? Nipeni mji. Haya, ni mgomba. Ukishatoa mkungu wake mmoja, mama hufa na machipukizi humrithi. Lishikeni hilo, maana mama na wanawe huchangia shina moja chini ya udongo, na kilichomwingia mama hakikosi kuwafikia watoto.

Ilikuwa Nyakabira, kijiji cha huku kwetu Kagera. Mtu wa huko alipimwa kwa kibanja chake: nyumba katikati, migomba imeizunguka, na makaburi ya wenyewe humo humo kivulini. Alikuwako mzee mmoja, Ta Kaijage, ambaye mkono wake ulipenda migomba. Alipita nyumba kwa nyumba akikata majani makavu na kupunguza machipukizi kwa panga aliloachiwa na baba yake. Malipo hakutaka. Kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilimtosha, na mwenye nyumba akishindwa hata hicho, alicheka akaenda zake.

Karibu naye aliishi Kemilembe, mjane kijana. Mumewe alizikwa migombani, akamwachia mama mkwe, Ma Nyakato, na mtoto mmoja wa kiume, Mujuni, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Shamba jingine hawakuwa nalo. Ndizi za kibanja kile zilikuwa uji wa mtoto, chakula cha bibi na chumvi ya nyumba.

Mwaka huo bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alikuja kijijini akasema umeingia ugonjwa wa mnyauko. Majani hugeuka manjano yangali machanga, ndizi huiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua ndani ni kahawia. Ugonjwa huo, alisema, hukaa katika utomvu, na utomvu hushika kwenye panga. Ukikata mgomba mgonjwa, pitisha panga motoni mpaka lisishikike, ndipo ukate mwingine. Watu walimsikiliza kwa adabu. Lakini Nyakabira, kumsafishia mtu chombo alichokuja nacho kukusaidia kulikuwa sawa na kumwita mchawi.

Asubuhi moja Ta Kaijage alitoka kwa jirani mmoja, Ishengoma, ambako alikuwa ameangusha migomba iliyonyauka, akaja moja kwa moja kwa Kemilembe. Utomvu ulikuwa bado unanata kwenye panga.

"Shikamoo, Ta Kaijage," Kemilembe alisema mlangoni. "Naomba nilipitishe panga motoni kwanza. Bibi shamba alisema..."

"Bibi shamba ana migomba mingapi?" Mzee alicheka. "Moto hula makali, mwanangu. Unataka nikukatie migomba kwa mwiko?"

Ma Nyakato akatokea nyuma ya nyumba. "Kemilembe! Mzee katembea mpaka hapa kwa miguu yake, nawe unamsafishia panga kama mchawi? Mwanangu angekuwa hai, ungethubutu?"

Kemilembe alimtazama Mujuni, aliyekuwa ameshika pindo la kanga yake. Akatazama chini.

"Nisameheni, mama. Pita, baba."

Mzee akapita. Akakata vizuri kama kawaida yake, mgomba baada ya mgomba, mpaka kibanja kikapendeza.

Ugonjwa ule hauonekani siku unapoingia. Wiki zilipita, watu wakasahau. Kisha jani moja likalegea, kama limemwagiwa maji ya moto, na la pili likafuata. Wana wakaenda na mama zao. Kabla ya mvua za masika, kibanja cha Kemilembe kilikuwa uwanja wa magogo yanayonuka, na vibanja vingine vingi vilikuwa hivyo hivyo. Nani angemwazima nani mkungu? Walikula mizizi, wakala mbegu za maharage walizoweka za kupanda. Njaa, wajukuu zangu, haiui kwa jina lake. Huita homa ije iimalizie kazi. Homa ilipomjia Mujuni haikukuta cha kupigana nayo.

Walimzika kando ya baba yake, juani, maana kivuli hakikuwapo tena.

Waombolezaji wakiwa wamekaa, akaingia Bandio na mkungu wa ndizi mbichi begani. Huyu aligombana na kijiji kizima kwa ajili ya mpaka wa kibanja, na miaka mingi hakuna aliyemtembelea. Watu wakaukodolea macho ule mkungu.

"Umeupata wapi?" Ishengoma aliuliza.

"Kwangu."

"Kwako ugonjwa haujafika?"

"Ungeletwa na nani? Mimi mnanisaidia?" Bandio aliutua mkungu chini. "Tangu mlipoapa kunisusa, panga la mtu halijavuka ua wangu. Chuki yenu imenilisha."

Ta Kaijage alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo inacheza kama ya mtu anayesali.

"Kwa Ishengoma niliingia," alisema polepole. "Nikaja hapa. Kwa Tibanyenda nikaingia, na kule bondeni. Kwa Bandio sikuingia."

Akainuka. Akaenda jikoni kwa Kemilembe, akalichomeka panga katikati ya mafiga, akachochea mpaka chuma kikawa chekundu.

"Ta Kaijage," Ma Nyakato alimwambia akilia, "makali yataisha."

"Yaishe. Yamekata ya kutosha."

Waling'oa migomba yote iliyougua mpaka mizizi, wakapanda mihogo na maharage, udongo ukapumzika. Ulipofika wakati wa kurudisha migomba, Bandio alitoa machipukizi. Ta Kaijage alikuja kwa Kemilembe kusaidia. Alikuwa amezeeka, na panga lake halikuwa tena na ukali wa kukata hata jani bila kurudia. Hakuingia. Alisimama mlangoni, pale pale alipocheka.

"Kemilembe, mwanangu. Leta moto."

Kemilembe hakumwambia amemsamehe, wala mzee hakuuliza. Alileta makaa ndani ya kigae, akayaweka miguuni pake, wakangoja pamoja mpaka chuma kikawa hakishikiki. Ndipo Kemilembe akasogea kando ampishe.

"Panga la hisani," alisema, "kwanza motoni."