Chupa ya Kabatini

Tafadhali soma mpaka mstari wa mwisho ndipo umtumie mwenzako. Ikikatwa katikati, itaonekana ni hadithi ya mvinyo tu.

Mzee Chilewa, mstaafu wa reli pale Dodoma, alikuwa na chupa ya mvinyo kutoka ng'ambo. Wafanyakazi wenzake walimzawadia siku alipostaafu. Aliisimamisha kwenye kabati la vioo sebuleni, kando ya glasi za mkewe, mkabala na dirisha, karatasi ya bei ikitazama mlangoni ili kila aingiaye aione. Bei hiyo ilitosha kununua ng'ombe.

Kila sherehe, watu walimwomba aifungue. Jibu lake lilikuwa moja: "Hii ina siku yake."

Binti yake wa pekee, Nyemo, akapata mchumba aitwaye Danford. Kazi ya kijana huyo ilimshangaza mzee. Hoteli moja kubwa ilimwajiri aonje mvinyo wa bei kubwa na kusema kama unastahili bei yake.

"Anaonja, halafu anatema?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, baba. Asipotema atalewa kabla ya saa nne asubuhi."

"Na wanamlipa? Hata mtoto mchanga anacheua, na halipwi!"

Kisha akaacha mzaha. "Siku ya kujitambulisha nitamfungulia ile chupa. Asipoijua thamani yake, huyo ni tapeli. Na tapeli simpi mtoto."

Nyemo hakula vizuri mpaka siku hiyo ilipofika.

Danford alikuja na mama yake na mshenga. Mzee akaifungua chupa. Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza ili kutoa sumu, basi akapiga funda. Mashavu yakamkaza, machozi yakamlengalenga. Lakini hakuwahi kunywa kitu cha bei hiyo maishani, akadhani vya gharama ndivyo vilivyo. Akameza.

"Huu sasa ndio mvinyo," akasema.

Shangazi Merina, dada yake, akaonja pia. "Kaka, unashuka kama asali!" akasema, jicho moja limefumba lenyewe.

Zamu ya Danford ikafika. Akanusa, akasita. Akaonja. Wote walisubiri kuona atatemea wapi, lakini alimeza.

"Haya, mtaalamu," mzee akasema. "Unastahili bei yake au haustahili?"

Nyemo alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia sinia tupu. Sifa moja tu ingetosha kumpa kijana yule mke, na kijana alilijua hilo.

"Baba, naomba unisamehe kabla sijasema."

"Sema."

"Ulipoletwa hapa ulistahili, pengine hata zaidi. Lakini umesimama kwenye jua muda mrefu. Kizibo kimekauka, hewa imeingia. Sasa ni siki."

"Siki! Nilijua mimi!" Shangazi Merina akadakia.

"Ulisema asali, mama," mshenga akamkumbusha.

Watu wakacheka. Mzee Chilewa hakucheka. Aliishika ile chupa kwa mikono miwili, akaitazama karatasi ya bei iliyopauka.

"Mama yake Nyemo alipotoka hospitali aliniomba tuifungue," akasema taratibu. "Aliniambia, 'Baba Nyemo, nimepona, na sisi tuonje.' Nikamjibu hii ina siku yake. Hakuufikia mwaka mwingine." Akainua macho. "Siku ile, mwanangu, mvinyo huu ulikuwa bado mzima?"

 Uongo mdogo, kwamba ulikuwa umeshaharibika, ungemfariji.

"Ndiyo, baba," Danford akasema. "Nadhani ulikuwa mzima."

 Mzee akaiweka chupa chini.

"Wewe unalipwa kwa kutema," akasema. "Lakini siki yangu umeimeza ili usiniaibishe mbele ya wageni. Na nilipokuuliza ukweli, umenipa hata ule ulioniuma. Mtoto wangu atakuwa salama kwako."

Shangazi Merina akapiga kigelegele. Mama yake Danford akatoa kwenye kikapu chupa ya mvinyo wa zabibu za Dodoma, wa bei ya kawaida, aliyoona haya kuitoa mbele ya ile ya kabatini.

"Hii tuiweke kwa ajili ya harusi?" Nyemo akauliza.

"Hapana," baba yake akajibu. "Fungua kabati, toa zile glasi za mama yako. Zote. Na hiyo siki ipeleke jikoni, itafaa kwenye kachumbari."

Zile glasi zilikuwa hazijawahi kutumika. Ilibidi zioshwe vumbi kwanza.

Funzo: Kitu kizuri hakilipi bei yake kwa kutunzwa, bali kwa kutumiwa na yule uliyemtunzia. Anayekupenda akisema, "Na sisi tuonje," usimjibu kwamba siku bado.