Pilau ya Kumuaga Dada wa Mbele

Wapendwa, fungeni kwanza madaftari yenu, na ninyi wa viti vya nyuma mnaochungulia simu, ziwekeni mkobani. Nina mfano leo, na ni mchungu. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuna pa kuchekea.

Kulikuwa na mama mmoja, dobi. Mjane wa miaka hamsini na kitu, vidole vimekakamaa kwa sabuni na pasi ya mkaa. Alipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vingi katikati ya jiji, zile nyumba za zamani zenye korido katikati na ua nyuma, choo kimoja, bomba moja. Mnazijua. Nusu yenu mmezaliwa humo. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na mmoja. Chumba kile ndicho kilikuwa mahali pake pa kulala, jiko lake na kazi yake, kwa sababu wateja wake wote, makarani na walimu na mafundi wa simu, walikuwa wa mtaa ule ule. Asubuhi wanamwachia shati dirishani, jioni wanalipitia. Mhamishe pale mtaani, umemnyang'anya riziki.

Wapangaji wa nyumba ile hawakuwa na mkataba wa maandishi hata mmoja. Waliishi kwa neno la mwenye nyumba. Lakini walikuwa na utaratibu wao, na utaratibu ule ulikuwa na nguvu kuliko karatasi nyingi. Walichangishana wakanunua sufuria moja kubwa na mikeka sita ya msiba, vikawekwa uvunguni mwa kitanda cha dobi, kwa sababu yeye ndiye waliyemwamini. Mfiwa alikuwa haombi. Dobi akisikia kilio tu, anavuta mikeka, anaitandika uani, anainjika sufuria jikoni, na watu wanatoka vyumbani wanakaa. Hawakuwa malaika; kwenye bomba walitukanana kila asubuhi. Lakini hakuna aliyewahi kulia peke yake katika nyumba ile.

Siku moja akaja dada mmoja na gari lake. Akachukua vyumba vitatu vya mbele kwa mpigo, akaweka vigae, akafunga kiyoyozi, akalipa kodi ya miaka mitatu. Miaka mitatu, wapendwa! Wenzake kodi ya miezi mitatu tu ilikuwa inawatoa jasho. Akaja na wakili, wakaandika mkataba wenye muhuri, na mwenye nyumba akatia saini bila hata kuvaa miwani.

Mwezi uliofuata mwenye nyumba akapita uani. Mzee mpole, mwenye sauti ya chini, shati limenyooka kwa pasi ya dobi, na pasi hiyo hakuwahi kuilipia. Wakampokea kama siku zote: "Shikamoo, baba," kiti, chai, chapati ya moto.

"Wanangu," akasema, "mnanijua. Mimi ningewaacha hivi hivi mpaka mzeeke. Lakini mmemwona mwenzenu wa mbele anavyolipa? Yeye ndiye ameniharibia bei. Sasa na ninyi itabidi mpande kidogo."

Hicho kidogo kilikuwa karibu mara mbili. Akamaliza chai yake, akaaga, nao wakamsindikiza mpaka barabarani wakisema asante baba, karibu tena baba.

Nawauliza, nani alipandisha kodi? Ngoja, usijibu haraka. Na asije mtu akatoka hapa akasema mchungaji anawatetea wenye pesa. Mimi mwenyewe ni mpangaji, na nimeshahamishwa mara nne. Mwenye pesa akiingia mtaani kwa pupa, akilipa chochote anachotajiwa bila kuuliza jirani zake wanalipa nini, kila mwenye nyumba anaanza kuota vigae. Dada yule hakuuliza. Kosa lake lilikuwepo, na hasira ya wale watu ilikuwa na sababu. Ninachotaka mtazame ni mahali walipoipeleka.

Jioni ile wakakaa uani, wakakubaliana. Dada wa mbele asusiwe. Asisalimiwe. Chakula chake kisiliwe, mtoto asitumwe kwake, na siku akipatwa na jambo, hatuzikani naye. Maneno hayo ya mwisho aliyasema mama wa chumba cha tatu, na katika nyumba ile hakukuwa na adhabu kubwa kuliko hiyo. Kisha wakaitikia. Dobi naye akaitikia.

Ikawa dada akipita koridoni, "Shikamoo, mama," dobi anageukia pasi yake. Kesho, "Shikamoo, mama." Kimya. Yule ni mtu mzima mwenye gari, anamwamkia mfua nguo kila siku ya Mungu, na mfua nguo anamnyima marahaba. Na niwaambie ukweli, dobi alisikia utamu. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuwa na kitu ambacho tajiri anakitaka. Sasa alikuwa nacho, naye akakibana.

Halafu mama yake dada akafariki, kijijini kwao. Habari zilifika kwa simu asubuhi, na kilio kikasikika nyumba nzima. Mkono wa dobi ulikwenda uvunguni wenyewe, ukagusa mkeka. Ukabaki hapo. Milango ya korido ilifungwa mmoja baada ya mwingine, taratibu, pasipo kelele.

Baadaye kijana wa ofisini kwa dada akabisha hodi. "Samahani, mama, tumeambiwa mikeka ya msiba iko kwako, na sufuria."

"Mikeka imeliwa na panya," dobi akasema. "Na sufuria imetoboka."

Kijana akasimama pale mlangoni, akatazama chini ya kitanda. Mikeka ilikuwa inaonekana. Akasema asante mama, akaondoka. Dada akakaa uani kwenye viti vya kukodi na watu watatu wa ofisini, mpaka saa sita mchana, wakaingia kwenye gari wakaenda kuzika. Dobi aliyaona yote dirishani. Aliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na bado hakutoka.

Wiki mbili baadaye, mchana, dobi yuko peke yake anapiga pasi, dada akaja kusimama mlangoni. Macho yamemvimba. Hakuamkia, maana alishachoka.

"Mama, leo sikuombi salamu," akasema. "Nina neno la nyumba hii. Mzee amepata mtu wa kuinunua. Anataka kuivunja ajenge ghorofa, na anaitaka tupu. Ninyi anaweza kuwatoa kwa mwezi mmoja. Mimi hawezi, nina mkataba. Ananibembeleza anirudishie kodi yangu niondoke, mimi nimekataa. Nikikaa mimi, mnakaa wote, miaka miwili na zaidi. Mnaweza kujipanga."

Dobi akaendelea na kola ya shati.

"Lakini siwezi tena, mama. Nilifiwa humu ndani na watu wakanifungia milango. Mtu mmoja tu aniambie kaa. Mmoja. Hata akiwa wewe."

Dobi alisikia kila neno. Aliamini kila neno. Akauona mtaa wake, dirisha lake, mashati yake. Akafumbua mdomo. Na kilichotoka ni hiki: "Nitaongea na wenzangu."

"Haya," dada akasema. "Nasubiri mpaka Jumamosi."

Jioni watu wakajaa uani. Dobi akavuta kigoda, akatafuta pa kuanzia. Kabla hajaanza, mama wa chumba cha tatu akamkazia macho. "Nasikia dada wa mbele alikuwa mlangoni kwako leo. Alifuata nini?"

Wote wakamgeukia. Ilikuwa ni sasa, wapendwa. Neno lilikuwa ulimini. Kama angelisema, wangemwuliza: kumbe mnaongea? Tangu lini? Angekuwa msaliti kwa robo saa, labda kwa siku mbili. Halafu wangefikiri. Huenda hata wangekwenda wote mbele kumwomba dada msamaha, nani ajuaye?

"Alileta nguo," dobi akasema. "Nimemrudisha nazo."

Wakapiga makofi! Mama wa chumba cha tatu akamkumbatia. "Huyu ndiye mwenzetu!" Na dobi akacheka pamoja nao, na usiku akalala akijiambia kesho nitasema. Ikaja Alhamisi, akajiambia kesho. Ijumaa pia. Jumamosi gari la mizigo likasimama mbele ya nyumba, likachukua makochi, likachukua kiyoyozi, na dada akapita koridoni mara ya mwisho bila kumtazama mtu.

Nyumba ikalipuka kwa furaha. Watu wakachanga papo hapo, mwenye mchele, mwenye nyama, mwenye mkaa. Wanapika pilau! Na sufuria je? Ikavutwa kutoka uvunguni mwa kitanda cha dobi, ile ile iliyotoboka, nzima kabisa, ikang'arishwa kwa majivu. Mikeka sita ikatandikwa uani. Dobi mwenyewe ndiye aliyekaanga vitunguu, na alipofuta machozi wakamtania kwamba vitunguu vimemweza.

Pilau ikiwa inapakuliwa, mwenye nyumba huyo. "Shikamoo, baba!" Karibu baba, umetukuta na heri. Wakampa kiti, wakampa sahani ya kwanza, yenye minofu. Akala taratibu. Akaongezwa. Akanawa mikono, mama wa chumba cha tatu amemshikia birika.

"Wanangu, Mungu awabariki," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Yule binti alikuwa amenikwama kooni. Miezi mitatu nambembeleza, anakataa, ananionesha mkataba. Ninyi mmenisaidia, na wala sikuwatuma. Sasa nyumba nimeiuza. Mwisho wa mwezi huu kila mtu awe ameshatoa vyombo vyake. Wanavunja tarehe moja."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Kisha baba mmoja wa chumba cha mwisho, mtu mzima mwenye watoto sita, akasema polepole, "Lakini baba, si ulituambia yeye ndiye adui?"

"Nilisema ameniharibia bei," mzee akajibu. "Adui mmesema ninyi." Akainuka, akashukuru kwa chakula. Na mnajua walichofanya? Walimsindikiza. Miguu ilikuwa imezoea.

Mtaniuliza, dobi aliwaambia wenzake kwamba alijua? Hakuwaambia. Walilia uani mpaka usiku, wakimlaani mzee, wakimlaani dada, wakisema laiti mtu angetudokeza mapema, na dobi amekaa katikati yao anaitikia, kweli, laiti. Tarehe moja nyumba ikashushwa. Watu walitawanyika, huyu kwa shemeji yake, yule pembezoni kabisa ya jiji. Dobi akapata chumba mahali ambapo kila mtu anajifulia mwenyewe na hakuna anayevaa shati la kupiga pasi. Pasi aliiuza. Wale wenzake alioogopa kuwapoteza, aliotaka wamwone mwema, hakuna hata mmoja aliyewahi kumtembelea kule. Na mimi sina sehemu nyingine ya mfano huu ambamo mambo yanakuwa mazuri. Nimeitafuta wiki nzima.

Sasa sisi. Nimewaona mkitikisa vichwa, mnamshangaa dobi. Mnamshangaa nini? Hapa mtaani kwetu ghorofa jipya limejaa wapangaji wenye magari, na nimewasikia mkiwaita wale, wale waliotuharibia mji. Watatu kati yao wanasali hapa. Wanakaa benchi lile la dirishani, na Jumapili nne sasa nimehesabu, ibada ikiisha, hakuna anayewapa mkono. Wanatoka, wanasimama kidogo pale mlangoni, wanaangalia saa, wanaondoka. Nayajua machungu yenu. Kodi imewatoa wengi wenu katika vyumba mlivyozalia watoto. Siwaambii msikasirike. Nawauliza tu, mmeshawahi kumkasirikia aliyewapandishia, ana kwa ana, kwa jina lake? Au huyo ndiye mnayempa sahani ya kwanza?

Na msidhani nimejitoa. Mwezi uliopita, siku ya harambee ya paa, alikuja hapa mwenye lile ghorofa. Kabla ya lile ghorofa, pale palikuwa na nyumba tatu. Mama watano wa kanisa hili walikaa mle. Walipotolewa, walikuja ofisini kwangu wanalia, wakaniomba niende nao kwake, niongee naye, kwa kuwa mimi ananisikiliza. Nikawaambia nitaliombea. Siku ya harambee nilimpa kiti cha mbele, chenye mikono. Nilimwita baba. Alipotaja mchango wake nilipiga makofi kuliko ninyi wote, na mama mmoja kati ya wale watano alikuwa amesimama pale karibu na ngoma, akinitazama.

Leo hayupo. Nimeuliza, nimeambiwa amehamia mbali, nauli ya kuja kanisani hana.

Paa mnaloliona juu ya vichwa vyenu ndilo hilo. Inueni macho mliangalie. Sitasema tuombe kwanza. Liangalieni tu.