Bi Tabitha Hakusema Siyo

Wametupokeza wasimulizi, na Mola ndiye mjuzi zaidi, kwamba Amerika ilipokuwa taifa changa palikuwa na jamaa ya wacha Mungu waliojiharamishia kiapo. Ndiyo yao ilikuwa ndiyo, na siyo yao ilikuwa siyo. Uongo kwao ulikuwa najisi, na ahadi ilikuwa amana.

Miongoni mwao alikuwamo Obadia Tremlett, mtu mwenye shamba na busara, ambaye watu wa jimbo lake walikusudia kumpeleka katika baraza la kutunga sheria. Ila alijivunia mno ukoo wake. Mgeni hakumaliza kikombe kabla ya kusimuliwa mabwana wakubwa wa Uingereza walioitwa Tremlett.

Siku chache kabla ya uteuzi, baba yake, mzee Tremlett, akashikwa na homa ya mauti. Akamshika Obadia mkono, akasema, "Mrudishie Tabitha mtoto wake," kisha akakata roho.

Obadia akapigwa na bumbuazi. Tabitha alikuwa yaya wake, mtumishi aliyeuza miaka yake ya kazi ili alipiwe nauli ya meli ya kuja Amerika. Hakuna aliyemjua kuwa na mume wala mwana. Mtoto gani tena? Au marehemu aliweweseka? Akamzika yule mzee asijue kama anamlilia baba au mfadhili.

Akamfuata Tabitha jikoni, akamkuta anakanda unga.

"Yaya, baba alikuwa na maana gani?"

"Nilimpa marehemu Bibi Tremlett neno langu, Bwana Obadia. Usiniulize."

"Nakuuliza moja tu. Wewe ndiye mama yangu?"

Tabitha akainama, akaendelea kukanda. Obadia akaingojea ile siyo. Kama si kweli, mwanamke huyu asiyejua uongo angeitamka papo hapo, mambo yakaisha. Haikuja. Akakumbuka kwamba Bibi Tremlett alikaa miaka mingi bila uzazi, kisha akampata yeye ghafla, uzeeni. Akatoka asijue acheke, alie au akasirike. Maskini, kumbe umri wote huo alikuwa akimtuma mama yake amletee viatu!

Siku ya uteuzi ikawadia. Desturi yao ilikuwa mteule asimame mbele ya jamaa, awataje waliomzaa. Obadia akasimama. Majina ya fahari yalikuwa kwenye ncha ya ulimi; akiyataja, hakuna wa kumkadhibisha, na kiti ni chake. Akiyaacha, yeye ni mwana wa mtumishi.

"Baba yangu simjui," akasema. "Mama yangu ni Tabitha, yule anayetupikia."

Minong'ono ikazuka. Mzee wa jamaa akageuka. "Dada Tabitha, ni kweli?"

Machozi yakamtiririka mama wa watu, na mdomo haukufunguka.

"Mbona hakiri?" mmoja akang'aka.

"Hajasema siyo," mzee akajibu, naye akafuta macho.

Kiti akapewa mwingine. Obadia akarudi nyumbani na mama yake, bado hajui amwiteje. Walipofika mezani akamvutia kiti cha mwenye nyumba.

"Kaa wewe, Bwana Obadia," akasema Tabitha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala hakuwahi kumwita mwanangu.

Ndugu zangu, sisi ndio tunaomtaja Mungu mara tatu ili tuuze kitunguu kibovu. Mola amrehemu aliyenyamaza kwa amana, amrehemu na aliyesema kweli ikamgharimu. Nasi atujalie ulimi kama wao, japo wa kuazima.