Kiboko na Mawe ya Msingi

Paukwa!
Pakawa!
Mpo au mmelala?
Tupo, macho makavu!
Niitoe au nirudi nayo nyumbani?
Itoe, tumeshaketi!

Haya. Na wewe uliyemwegemea mwenzio kaa sawa, maana hapa pana mto, utaanguka.

Palikuwa na mto mpana, wenye maji ya kasi, usio na daraja. Upande huu, kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo wa kujaa kofia. Binti yake, Somoe, aliolewa ng'ambo mwaka wa ukame, mto ulipovukika kwa miguu. Sasa Somoe alikuwa na mimba pevu, mvua zilikaribia, na Bi Pimbi hakuwa na pa kupita. Nani atamkanda mwanawe akijifungua? Nani atampikia uji wa pilipili manga? Akifikiria hayo machozi yanamtoka.

Mtaniuliza, mbona hawakujenga daraja? Kulikuwa na sheria, ndugu zangu. Sheria ilisema kazi ya umma itangazwe uwanjani, kila anayeitaka alete bei yake, bei zifunguliwe mbele ya wote, na asiyeridhika akate rufaa. Akashinda Nyumbu. Kiboko akakata rufaa: "Kwato zake zimepinda!" Kazi ikatangazwa upya. Akashinda Ngiri. Kiboko akakata rufaa: "Pua yake haina adabu!" Kazi ikatangazwa upya. Akashinda Tembo. Kiboko akakata rufaa, sababu angeitafuta baadaye.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja Kiboko akasimama mbele ya Mfalme Simba, machozi yanamchuruzika.

"Mfalme wangu," akasema, "sheria hii inachelewesha maendeleo!"

Wanyama wakapiga makofi. Bi Pimbi naye akapiga, halafu akajiuliza anapiga ya nini.

Simba akamwambia Kiboko aandike sheria mpya, ya mwendo wa haraka. Kiboko akaandika palepale: anayeweka jiwe la msingi ndiye mwenye kazi. Hakuna kushindana. Hakuna rufaa. Na akishaliweka tu, apewe matikiti ya kuanzia kazi kutoka ghala la wote.

Kesho yake Kiboko akabeba jiwe kubwa, bapa, akaliweka mtoni karibu na ukingo. Chubwi! Ngoma zikalia, ndi ndi ndi! Mfalme akakata utepe. Kiboko akala matikiti, kwachu kwachu kwachu! Kisha akalala.

Akalala kweli. Bi Pimbi akasubiri weee, mwisho akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Mkandarasi."

"Marahaba. Nini?"

"Daraja linaanza lini?"

"Limeshaanza. Jiwe hulioni?"

"Naliona, bwana, ila..."

"Basi! Wapinga maendeleo nyie hamkosekani."

Bi Pimbi alipandwa na hasira, akatamani amng'ate sikio. Badala yake akarukia lile jiwe, tap! apate pa kukalia na hasira zake. Akaona maji yanapita huku na huku, yeye amekaa pakavu. Akatazama ng'ambo. Akacheka kimoyomoyo.

"Bwana Mkandarasi, na ofisi ya daraja?"

"Ofisi gani?"

"Daraja zima likose ofisi? Nayo ni kazi ya umma. Nayo ina jiwe lake la msingi."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Na matikiti yake?"

"Sheria si uliiandika mwenyewe?"

Kiboko akafumbua la pili. "Tuiweke wapi?"

"Mbele kidogo ya jiwe la kwanza, wakubwa wasimame hapo waonekane vizuri."

Jiwe likaja. Chubwi! Ndi ndi ndi! Kwachu kwachu kwachu! Kiboko akalala.

Bi Pimbi akarudi. "Bwana Mkandarasi, na lango la daraja?" Chubwi! Ndi ndi ndi! Kwachu kwachu kwachu! Akarudi tena. "Na banda la mlinzi?" Chubwi! "Na sebule ya wageni?" Chubwi! "Na mnara wa kukumbuka siku ulipoweka lile jiwe la kwanza?" Hapo Kiboko alilia kwa furaha, maana hakuna aliyewahi kumfikiria hivyo.

Lakini ghala nalo likawa linapungua. Mama Kanga akamvuta Bi Pimbi pembeni.

"Shoga, unatumaliza! Matikiti yanakwisha na daraja hatulioni!"

"Vumilia, shoga. Wewe piga vigelegele tu."

Alisema hivyo, lakini mwenyewe akatazama juu. Wingu lilikuwa limeshatanda, na njaa ikiingia, lawama zote zingekuwa zake.

Tikiti la mwisho likaliwa. Palibaki pengo moja kutoka jiwe la mwisho mpaka ng'ambo, na Bi Pimbi hakuweza kuliruka. Kiboko akasema, "Hakuna tikiti, hakuna jiwe." Matone yakaanza, pa, pa, pa. Mara mkwewe akaita kutoka ng'ambo: "Mama! Somoe kashikwa na uchungu!"

Bi Pimbi akajikaza, akasema kwa sauti ya tabasamu, "Bwana Mkandarasi, mawe basi. Sasa imebaki kukupongeza. Wewe simama pale mbele ya mawe yote, tuje tukuvishe maua."

"Wote?"

"Mpaka Mfalme."

Kiboko akajisukuma kwenye lile pengo. Tumbo lililojaa matikiti likakwama baina ya jiwe na ukingo, gwa! Bi Pimbi akaokota shada la maua, akaruka mawe yote, tap tap tap, akampanda mgongoni, akamvika sikioni, akapita utosini, akatua ng'ambo! Nyuma yake Mama Kanga na shada lake. Nyuma yake Ngiri na lake. Kila aliyemkanyaga, Kiboko alisema, "Ahsante, ahsante sana."

Bi Pimbi hakugeuka. Alikimbia mpaka kwa Somoe, akakuta mtoto ndiyo kwanza analia, nyee! Akateleka maji ya moto huku na yeye analia.

Mfalme Simba alivuka wa mwisho. Kiboko akamwita, "Mfalme wangu, sherehe imekwisha? Nitoeni!"

Simba akafikiri sana. "Kukutoa hapo ni kazi ya umma," akasema. "Kwa hiyo tunasubiri mtu aweke jiwe la msingi."

Hadithi yangu nimeshaivusha, anayetaka kuirudisha aloweshe miguu yake. Na funzo ni hili: sheria ikichelewesha kazi, iandikwe upya na yuleyule aliyeichelewesha, kwani ndiye mwenye uzoefu. Nyie msiulize daraja, pigeni makofi. Watu wa mto ule wanavuka mpaka leo, na kila mwaka Mfalme huwatangazia kwamba ujenzi utaanza hivi karibuni.